Kutoka Majimaji hadi Uhuru: Wafu Wetu Wote Tuwaombee



Mpendwa msomaji, kila mwaka kabla ya sikukuu ya Uhuru tunakuwa na mdahalo hapa seminarini. Mwaka jana mada ilikuwa hii: Uhuru wa Tanganyika ulianzia Nandete mwaka 1905, au ulianzia Dar es Salaam mwaka 1954? Upande mmoja ulisema kwamba vita ya Majimaji ndiyo mama wa Uhuru, na bila damu ile tusingepata bendera. Upande wa pili ukajibu kwamba Majimaji ilikuwa ushirikina uliowaua watu bure, na kwamba Uhuru uliletwa na TANU kwa mdomo na kalamu. Mafrateri walipiga makofi sana. Mimi nilikuwa mtunza muda, kwa hiyo sikuruhusiwa kusema neno. Makala hii ni maneno niliyoyameza jioni ile.

Nianzie nyumbani, maana jambo hili kwangu si la vitabuni tu. Mimi ni mzaliwa wa Songea vijijini. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na desturi ya kusali Rozari kila jioni, na mwishoni aliwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Alimtaja baba yake, aliyekuwa katekista, kwa jina lake la ubatizo. Kisha kila mara aliongeza: "Na babu aliyekwenda na maji." Huyo hakuwa na jina la ubatizo. Aliondoka na wapiganaji wa Majimaji na hakurudi. Njaa ilipoingia, mkewe alimchukua mtoto wao wa miaka kama saba akampeleka misheni, kwa sababu misheni ndiko kulikokuwa na chakula. Mtoto yule akakua huko, akabatizwa, akawa mwalimu wa dini. Ndiye baba yake bibi. Kwa hiyo imani ya ukoo wetu iliingia kwa mlango wa njaa, na njaa ile ililetwa na vita.

Nikiwa darasa la tano nilijiona nimeijua katekisimu. Nikamwuliza, "Bibi, huyo babu hakubatizwa, alikufa na dawa ya waganga mwilini. Tunamwombeaje?" Bibi hakugeuza hata kichwa. Alinijibu, "Wewe omba. Kupokea ni kazi ya Mungu."

Leo nina miaka 25 na ninasoma falsafa. Nimesoma kurasa nyingi tangu siku ile, lakini kila ninapofika kwenye historia ya nchi hii narudi kwenye jibu lile. Naomba nieleze kwa nini.

Kwanza tukumbuke kilichotokea. Mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika maeneo ya pwani na kusini. Watu walilazimishwa kuyalima chini ya maakida na majumbe, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Aliyechelewa alichapwa viboko. Malipo yalipotoka, kuna mahali ambapo mtu alipewa senti 35 kwa kazi ya msimu mzima, na wapo waliokataa hata kuzipokea. Juu ya hayo kulikuwa na kodi, na asiyekuwa na fedha ya kodi alilazimika kuitafuta kwa kazi ya mzungu. Malalamiko yalikuwepo. Hakuna aliyeyasikiliza.

Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali. Ndivyo vita ilivyoanza. Kabla ya hapo, kwa muda wa mwaka mmoja hivi, watu walikuwa wakimiminika Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kuchukua maji, dawa iliyoaminiwa kuwa ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa kabisa, lakini maji yalikuwa yameshatembea. Yaliwafikia Wangindo, Wazaramo, Waluguru, Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wangoni. Hapa kuna jambo ambalo mdahalo wetu haukuligusa. Wangoni waliletewa maji na mjumbe Mngindo, Kinjala. Hawa ni Wangoni ambao kwa miaka mingi walikuwa wamewavamia majirani zao wakichukua watu na chakula. Sasa waliketi na kupokea dawa mkononi mwa mmoja wa wale waliokuwa wakiwavamia. Hilo lilikuwa jambo jipya katika nchi hii.

Maji hayakuzuia risasi. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Baada ya hapo serikali iligeukia chakula. Vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakaharibiwa, kwa makusudi, ili njaa imalize kilichobaki. Vita ilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani walikadiria Waafrika waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wanataja kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Upande wa Wazungu kumbukumbu zinataja watu 15.

Je, watu wale walikuwa na haki ya kuinuka? Mtakatifu Thoma wa Akwino analigusa swali hili katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 42. Anasema utawala wa kidhalimu haulengi manufaa ya wote bali faida ya mtawala, kwa hiyo kuupinga si dhambi ya uasi. Mwasi hasa ni dhalimu mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayepanda mafarakano kati ya watu. Lakini Thoma anaweka sharti: upinzani usiwaletee watu madhara makubwa kuliko udhalimu wenyewe.

Wenzangu waliosema Majimaji ilikuwa kosa huishika sehemu hii ya mwisho. Vifo laki mbili na nusu au zaidi si madhara makubwa kuliko viboko vya shamba la pamba? Nawaelewa. Lakini wanasahau kuuliza nani aliyeyasababisha madhara hayo. Wapiganaji wa Umatumbi waling'oa pamba. Walioamua kuchoma mtama ghalani ili mama na mtoto wafe ni wengine. Swali la njaa anaulizwa aliyechoma ghala. Kosa la wapiganaji lilikuwepo, nalo lilikuwa mahali pengine: walijenga tumaini juu ya kitu kisicho kweli. Watu wengi walisogelea bunduki kwa sababu waliambiwa hawatakufa. Sisi tunaosomea upadre tulitafakari hilo kwa uzito, maana kuwaahidi watu ulinzi ambao huna uwezo wa kuwapa ni dhambi ambayo hata leo inatendwa mbele ya altare nyingi, na kwa maji vilevile.

Sasa nifike kwenye sehemu inayotuuma sisi Wakatoliki.

Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu, Liwale, waliuawa Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walikuwa safarini kutoka pwani ya Kilwa kuelekea Peramiho. Watano hao ni theluthi nzima ya Wazungu wote waliokufa katika vita ile. Masista wale hawakuwa wamelimisha mtu pamba, wala hawakumchapa mtu kiboko. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Tunawakumbuka marehemu hao katika sala, na ni haki kuwakumbuka.

Lakini historia ina upande wake wa pili. Huko Ungoni, padri mmoja wa misheni alikuwa ameichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa Gama, mahali alipowaheshimu wazee wake waliotangulia. Padri yule huenda aliona anaharibu sanamu. Mputa aliona mgeni anachoma kaburi la baba zake, na mgeni huyo ana ngozi moja, lugha moja na ulinzi mmoja na yule wa boma anayedai kodi. Tusishangae basi kwamba vita ilipofika, mwenye mkuki hakutenganisha msalaba na bendera. Sisi wenyewe hatukuwa tumemsaidia kuvitenganisha. Kusema hivyo si kuhalalisha kifo cha masista. Ni kukubali kwamba aliyekosewa na aliyekosa walikuwa pande zote mbili.

Kisha ikaja tarehe 27 Februari 1906. Siku hiyo mjini Songea wapiganaji wa Kingoni walinyongwa na kufukiwa katika kaburi moja. Waliozikwa humo ni zaidi ya 60, na Nkosi Mputa alikuwa mmojawapo. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake, na wazee wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Kila mwaka tarehe hiyo inaadhimishwa katika Makumbusho ya Majimaji pale Songea.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui. Kabla ya kunyongwa, padri wa misheni aliruhusiwa kuingia gerezani. Aliwafundisha, na wengi wao wakaomba ubatizo, wakabatizwa. Kilichokuwa moyoni mwa mtu anayebatizwa huku kitanzi kinamsubiri, Mungu pekee anakijua. Lakini kwa imani yetu sakramenti ni sakramenti. Maana yake ni kwamba katika kaburi lile la mashujaa wamelala ndugu zetu katika Kristo, waliokufa wakiwa na ubatizo mpya kuliko wa yeyote kati yetu. Hatuwezi kusema kaburi lile ni la serikali na la wazee wa mila tu. Ni la Kanisa pia.

Sasa turudi kwenye mada ya mdahalo. Je, Majimaji ndiyo iliyozaa Uhuru?

Mwalimu wetu wa mantiki hutuonya tusidhani kwamba kitu kilichotangulia ndicho sababu ya kilichofuata. Jogoo huwika kabla ya kupambazuka, lakini si yeye anayelichomoza jua. Wahenga walisema liwike lisiwike, kutakucha. Kati ya 1907 na 1961 ni zaidi ya miaka hamsini. Katikati yake kuna vita kuu mbili. Baada ya ya kwanza Tanganyika ilitoka mikononi mwa Wajerumani ikawa chini ya Waingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya ya pili ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, jambo lililowapa watu wetu mlango wa kupeleka malalamiko nje. Uingereza ilitoka vitani imechoka. Vita ya Mau Mau kwa jirani zetu Kenya iliwaonyesha gharama ya kung'ang'ania. Hizo zote ni sababu za kweli, na anayezifuta ili abaki na damu ya Majimaji peke yake anatunga hadithi.

Hata hivyo, wale wanaosema Majimaji haikuacha kitu nao wanakosea. Shahidi wangu ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mwaka 1956, akizungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa huko New York, aliwaeleza wajumbe habari za Majimaji. Alisema watu wale hawakuinuka kwa kutishwa wala kwa kiapo cha ushirikina, bali kwa mwito wa asili uliokuwa ndani yao. Na kazi ya TANU, alisema, haikuwa kuumba roho ile ya kukataa kutawaliwa, kwa sababu ilikuwepo tayari. Kazi yake ilikuwa kuipa sauti na kuionyesha njia mpya.

Hapo ndipo ninapoona jibu. Roho ya 1905 ilikuwa ya kweli, lakini njia yake haikuwa na uwezo wa kuifikisha. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 19 cha Mji wa Mungu, anasema watu wanakuwa taifa pale wanapounganishwa na kitu wanachokipenda kwa pamoja. Ukitaka kulijua taifa, tazama linapenda nini. Tukipima kwa kipimo hicho, mwaka 1905 watu wa kusini waliunganishwa na kitu walichokichukia kwa pamoja. Chuki hiyo ilikuwa na sababu, na iliwakusanya watu kutoka pwani hadi Ungoni. Lakini haikuwafundisha kuishi pamoja siku baada ya ushindi, kama ushindi ungekuja. Wapo pia waliokataa maji na kusimama upande wa Wajerumani, kwa sababu kwao adui wa kwanza alikuwa jirani.

Taifa lilihitaji kitu cha kupendwa, na hicho kilijengwa polepole. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Nyumba zao zilichomwa moto, kama zile za 1905. Hawakushika mikuki. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kusema habari zao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini nchi nzima ilisikia kwamba jambo la Wameru linaweza kuwa jambo la Mzaramo na Mnyamwezi. Mwaka 1955 Waluguru waligoma kuchimba matuta waliyolazimishwa milimani. Mwaka 1958 kulikuwa na vurugu Geita. Nchi ilikuwa inachemka mahali pengi. TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuta moto huo unawaka vipande vipande, kila kabila na kuni zake.

Waliouunganisha walikuwa watu wa aina nyingi, nasi Wakatoliki tuwe wakweli hapa. Tunapenda kusema Mwalimu alikuwa wetu, na kweli alikuwa wetu: alifundisha Mtakatifu Maria Tabora na Mtakatifu Fransisko Pugu, na mwaka 1955 aliacha ualimu kwa ajili ya siasa. Lakini alipofika mjini Dar es Salaam alipokelewa na Waislamu. Walikuwepo akina Abdulwahid Sykes, alikuwepo Bibi Titi Mohamed aliyewaingiza wanawake kwa maelfu. Wangekaa kila mmoja na dini yake, leo tungekuwa tunasoma historia nyingine.

Na kulikuwa na saa ambazo nchi ingeweza kurudi 1905. Januari 1958, kwenye mkutano wa TANU Tabora, wanachama wengi walitaka kususia uchaguzi wa kura tatu, ule uliomtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ulikuwa uchaguzi wa dhuluma. Waafrika karibu nchi nzima walipewa idadi sawa na watu wachache. Mwalimu aliwasihi waingie hivyohivyo. Wengine walimwona ameuza nchi, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake. Mwaka huohuo Mwalimu alishtakiwa mahakamani kwa makala iliyowashutumu maofisa wa serikali. Hakimu akampa kuchagua: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Kwenda jela kungemfanya shujaa mara moja. Kungeweza pia kuwasha nchi. Akalipa faini.

Nimewaza sana juu ya faini ile. Kinjikitile aliwaambia watu kwamba risasi haitawapata. Mwalimu aliwaambia watu wavumilie kura tatu, wavumilie faini, wasirushe jiwe, na hakuwa na dawa yoyote ya kuwapa isipokuwa kuaminiana. Maji yalimwambia mtu kwamba yeye hatakufa. Kadi ya TANU ilimwambia kwamba yule wa kabila lingine ni mwenzake. Tarehe 9 Desemba 1961 ikafika, na mwenge ukawekwa kileleni Kilimanjaro. Zaidi ya miezi ishirini kabla ya hapo Kanisa nalo lilikuwa limeshapata ishara yake, pale Papa Yohane wa 23 alipomfanya Laurean Rugambwa kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika, mwezi Machi 1960. Padri aliyechoma nyumba ya mahoka asingeamini.

Kwa hiyo, kama ningepewa dakika tatu jioni ile ya mdahalo, ningesema hivi. Ghasia za 1905 hazikuzaa taifa. Zilithibitisha kwamba watu wa nchi hii ni watu, na kwamba mtu hawezi kufanywa chombo cha kuzalisha pamba bila siku moja kusema hapana. Taifa lilizaliwa pale wajukuu wa wapiganaji walipoichukua hapana ile wakaigeuza kuwa ndiyo kwa ajili ya wao kwa wao. Anayetaka kuwaheshimu wazee wa Majimaji asiishie kuwasifu kwa mikuki. Awape heshima kwa kukataa dhuluma kama wao, na kwa kujifunza kutoka kwenye kosa lililowaua.

Upo pia wajibu kwa wenye mamlaka, wa serikali na wa Kanisa. Hakuna aliyeamka Nandete asubuhi moja akang'oa pamba kwa ukorofi. Miaka mitatu ilipita tangu mashamba yale yaanze, na ndani ya miaka mitatu kulikuwa na nafasi ya kusikiliza. Hata leo, vijana wenzangu wanapopaza sauti, swali la kwanza lisiwe nani amewatuma. Liwe: wamesema nini ambacho hatukukisikia walipokisema kwa upole? Amani isiyosikiliza ni ile ya Gavana Götzen ya mwezi Juni 1905. Ilionekana nzuri.

Narudi kwa bibi na Rozari yake. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, tunasoma kwamba baada ya vita Yuda Makabayo alikwenda na watu wake kuwazika wenzao waliouawa. Walipoinua nguo za maiti wakakuta kila mmoja amevaa hirizi za miungu ya Yamnia, kitu kilichokatazwa na Sheria. Askari wa Mungu, wamekufa na dawa mwilini! Yuda angeweza kuwaacha pale wawe chakula cha ndege. Badala yake alisali, akachangisha fedha, akazituma Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi zao, kwa sababu aliamini ufufuko. Ni mojawapo ya maandiko tunayoyasimamia tunapofundisha sala kwa marehemu. Nilipolisoma kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Bibi hakuwahi kusoma tafsiri yoyote ya Wamakabayo, lakini alikuwa ameshaniambia.

Tarehe 1 Novemba 2023, sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, mbele ya wajukuu na vitukuu vya waliouawa, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wazee wao. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja. Kesho yake ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Kama mkuu wa nchi ameweza kusafiri kutoka Berlin kuja kuinama pale, sisi tulio hatua chache na kaburi lile tunangoja nini?

Pendekezo langu ni dogo. Tarehe 27 Februari ya kila mwaka, parokia zetu, hata zile zilizo mbali na Songea, zitoe nia ya Misa kwa ajili ya marehemu wote wa vita ya 1905 hadi 1907. Wote, katika nia moja: Askofu Spiss na wenzake, Nkosi Mputa na waliobatizwa gerezani, wale waliokataa kubatizwa, askari waliofyatua risasi, na mama waliokufa njaani wakiwapa watoto chembe ya mwisho ya mtama. Jumuiya ndogondogo ziwaulize wazee wao majina yaliyobaki. Makatekista wawasimulie watoto historia hii bila kuficha mkuki wala kuficha kiberiti.

Najua wapo watakaosema tunachimbua makaburi yaliyonyamaza. Wengine watasema tunawatakatifuza washirikina na wauaji wa masista. Kuwaombea marehemu si kuwatangaza watakatifu. Tunamwombea mtu kwa sababu ana dhambi, na asiyekuwa nayo haihitaji sala yetu. Wengine watasema hili ni jambo la Wangoni na watu wa kusini. Nawajibu kwa historia ileile: taifa lilianza siku jambo la Wameru lilipowauma Wazaramo.

Bibi alifariki mwaka wangu wa kwanza wa falsafa. Sasa mimi ndiye ninayewataja marehemu wa ukoo kila jioni, kimya kimya, kanisani, baada ya sala ya usiku. Nikifika mwisho wa orodha namtaja bibi, namtaja baba yake katekista, kisha nasema kama alivyonifundisha: na babu aliyekwenda na maji.